Kinyago Kiende na Jina Lake: Mwongozo wa Maonyesho na Fursa kwa Wachongaji

Makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani yana vinyago vya Kimakonde vilivyotoka Tanganyika na Msumbiji katika miaka ya 1950 na 1960. Kikaratasi kilichobandikwa kando ya kazi hutaja aina ya mti, urefu wake na jina la tajiri aliyeitoa zawadi. Panapotakiwa jina la mchongaji, mara nyingi pameandikwa kwamba hajulikani. Alijulikana vizuri tu kijijini kwake na kwenye kibanda alichochongea. Ila aliyenunua hakuuliza, naye hakuandika.

Wachache waliosalimika tunawataja hadi leo: Samaki Likankoa, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950; Roberto Yakobo Sangwani, anayehusishwa na dimoongo, ile nguzo ya watu waliobebana ambayo baadaye ikaitwa ujamaa; Clements Ngala wa mtindo wa mawingu. Majina hayo yalibaki kwa sababu wapo wanunuzi na watafiti waliojishughulisha kuuliza nani kafanya nini. Japani, katika mkoa wa Mie, lipo jumba zima la makumbusho la sanaa ya Kimakonde. Fikiria ni wangapi waliochangia fani hiyo na hawamo hata kwenye mstari mmoja wa maandishi.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila fursa itakayotajwa hapa, iwe banda la Sabasaba, nafasi ya studio, mkopo wa halmashauri au warsha ya ng'ambo, huanza na fomu, na fomu hutaka jina la msanii, kisha picha za kazi. Mchongaji hodari asiye na vitu hivyo viwili hupitwa na mwenzake wa kawaida aliyenavyo. Ndivyo hali ilivyo, na kulalamika hakujawahi kuibadilisha. Mwongozo huu unawalenga zaidi wachongaji wa Dar es Salaam, Pwani, Lindi na Mtwara, lakini mengi yatamfaa yeyote anayeshika tezo na patasi.

Kabla tangazo halijatoka

Anza na kitako cha kinyago. Kabla ya kupiga nta, chonga au choma kwa chuma cha moto jina lako na mwaka. Herufi ziwe ndogo lakini zisomeke. Kalamu ya wino hufutika, na kibandiko cha karatasi hubanduka safarini. Wapo wafanyabiashara wasiopenda kinyago chenye jina, maana mteja anaweza kumtafuta mchongaji moja kwa moja. Sababu hiyo peke yake inatosha kukuonyesha jina lina thamani gani.

Swali gumu huja pale kazi inapopita mikono mingi. Vibandani ni kawaida mmoja kukata gogo na kutoa umbo, mwingine kuingia kwenye nyuso na vidole, na kijana wa tatu kupiga msasa. Nani aweke jina? Naona njia ya haki ni kuandika jina la aliyebuni na kuchonga sura, na chini yake jina la kibanda au kikundi. Mzee mwenye kibanda anayeweka jina lake kwenye kazi ya kijana aliyemaliza kujifunza anajiharibia mwenyewe. Siku kijana akiitwa kuonyesha mbele ya watu jinsi kazi ile ilivyofanyika, uongo utajulikana.

Kisha nunua daftari gumu. Kila kazi ipate namba, jina, aina ya mti, vipimo kwa sentimita (urefu, upana na kina), uzito kwa kilo, tarehe ya kumaliza, bei, na ikiuzwa, nani kanunua na wapi. Uzito usiuache, nitaeleza mbele kwa nini. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa rekodi ambayo hata afisa wa mkopo ataiheshimu, maana linaonyesha unauza nini, kwa bei gani na katika miezi ipi.

Picha ndizo zinazowaangusha wengi. Mpingo ni mgumu kuchongwa lakini ni mgumu zaidi kupigwa picha. Ukiupiga ndani ya kibanda chenye giza unatoka kama kivuli kisicho na macho wala mdomo. Ukitumia mwanga wa simu, ule mng'ao wa nta unarudisha doa jeupe na kuficha alama za patasi. Nyuma ya mpingo kitambaa cheusi huufanya ukose mpaka, na cheupe sana huifanya simu ipunguze mwanga hadi sura ipotee. Tafuta kitambaa cha kijivu au cha kaki kisicho na maua. Weka kazi juu ya meza chini ya kivuli cha nje, asubuhi kabla ya saa nne au jioni baada ya saa kumi, mwanga ukiingia kutoka upande mmoja. Gusa kioo cha simu pale palipo na uso wa kinyago ili simu ipime mwanga hapo. Piga mbele, nyuma na pande zote mbili, kisha moja ya karibu inayoonyesha ufundi, na moja yenye rula au mkono wa mtu ili ukubwa uonekane. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa, na mchaguzi aliye kwenye kompyuta ataona ukungu.

Mwisho andika maelezo yako ya nusu ukurasa: ulizaliwa wapi, ulijifunza kwa nani, unachonga nini na kwa nini, umewahi kuonyesha wapi. Usiogope kusema ulijifunza kwa mjomba chini ya mkorosho. Wachaguzi wanapenda kujua ufundi umepita mikono ya nani. Wasichopenda ni maneno makubwa yaliyonakiliwa mahali pengine. Kama Kiingereza kinakusumbua, andika Kiswahili kizuri, kisha mwombe mwalimu wa shule ya jirani akutafsirie na umlipe chochote. Maelezo hayo yatakutumikia miaka.

Makaratasi, na nani wa kuonana naye

Mtu wa kwanza ni afisa utamaduni wa halmashauri yako. Wachongaji wengi hawajawahi kumwona, ilhali barua za maonyesho ya mkoa na mialiko ya matamasha ya kitaifa mara nyingi hupitia kwake. Nenda na kinyago kimoja kizuri na lile daftari. Mwachie namba ya simu na picha tatu. Tangazo likija ghafla, naye akatakiwa kupeleka majina kesho yake, atapeleka ya watu anaowakumbuka.

Wa pili ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984 na kinachosajili wasanii na vikundi vya sanaa Tanzania Bara. Usajili wa kikundi unahitaji katiba, orodha ya viongozi na muhtasari wa kikao. Mtu mmoja mmoja hahitaji mambo mengi hivyo. Uliza ada ya sasa kwenye ofisi yao au kwa afisa utamaduni, usimlipe mtu wa kati. Aliyeko Zanzibar ataanzia Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Wachongaji, wachoraji na wafinyanzi wanahesabiwa katika sanaa za ufundi, na fani hizo zina shirikisho lao kama wanamuziki na watu wa filamu walivyo na yao. Sauti ya wachongaji ndani ya shirikisho itakuwa ndogo mpaka vyama vya vibandani vijiunge kwa wingi.

Kuhusu hakimiliki, kuna habari njema ambayo wengi hawaijui. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako ya uchongaji inalindwa tangu unapoimaliza, bila usajili wowote, kwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, au COSOZA kwa Zanzibar, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Aliyenunua kinyago chako amenunua kinyago. Hajanunua ruhusa ya kutengeneza nakala zake za plastiki au kukichapisha kwenye fulana elfu moja. Akitaka hayo, mwandikiane na akulipe kando.

Lakini tusidanganyane kuhusu mipaka ya ulinzi huo. Mtindo haumilikiwi. Huwezi kumzuia jirani kuchonga ujamaa au shetani. Unaweza kumzuia kunakili ujamaa wako ule wenye mpangilio ule ule wa watu. Na zile sanaa za jadi, kama vile lipiko, barakoa inayovaliwa ngomani, sheria hiyo hiyo inazitazama kama mali ya jamii. Mtu akikuletea picha ya lipiko la zamani akitaka upige nakala 200 za duka lake la ng'ambo, muulize kwanza kama amefika BASATA.

Vitambulisho vingine viwe tayari ndani ya bahasha moja: kitambulisho cha taifa, TIN (hutolewa bure na TRA), akaunti ya benki au namba ya simu ya kupokelea pesa iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, na pasipoti kama unaweza. Pasipoti huonekana gharama isiyo na maana hadi siku mwaliko unapofika ukiwa na wiki tatu tu za kujiandaa.

Mwaka wa maonyesho

Wachongaji wengi husubiri watalii wa Julai na Agosti, kisha hukaa. Mwaka una zaidi ya hapo, na kila tukio lina wateja wa aina yake.

Februari ni Sauti za Busara, Unguja, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004. Wageni hujaa Mji Mkongwe kwa siku chache, wakiwa na mabegi ya ndege. Wanachonunua ni kitu kinachoingia begini. Tamasha la Nchi za Jahazi, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, huja katikati ya mwaka na huwa na shughuli za sanaa pembeni ya filamu. Ukitaka kuuza Zanzibar, mtafute mwenyeji mwenye leseni ya kule mapema.

Juni, kaskazini, yapo maonyesho ya utalii ya Karibu-KiliFair. Hapa mteja wako ni wakala wa safari na mwenye hoteli. Kinyago kimoja unaweza usiuze, ukaondoka na oda ya vinara 40 vya hoteli mpya. Nenda na kazi chache zilizomalizika vizuri na bei ya jumla iliyoandikwa. Mwenye hoteli hatasubiri upige hesabu kwenye kiganja.

Sabasaba, Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, huanza Juni 28 na kuisha Julai 13 kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, chini ya mamlaka ya maendeleo ya biashara, TanTrade. Kukodi banda peke yako ni mzigo kwa mchongaji wa kawaida. Njia ya wanyonge ni kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi mikoani, ambalo huwaweka wajasiriamali chini ya paa moja, au kupitia halmashauri na mkoa wako. Wengi wanaoingia Sabasaba ni familia za mjini zenye watoto na bajeti ya mchana mmoja. Nimeona wachongaji wakipanga mashetani ya futi nne mbele ya banda wakashangaa watu wanapita. Weka mbele miiko, vinu vidogo, vitana, vinara na wanyama wa saizi ya kiganja. Yale makubwa yakae nyuma yawavute watu wasimame.

Nanenane hufikia kilele Agosti 8. Ni sikukuu ya wakulima, lakini kwa watu wa Lindi na Mtwara viwanja vya Ngongo ni karibu kuliko Dar, na nauli ni sehemu ya bei. Mtwara lipo pia tamasha la MaKuYa la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, lililoanza mwaka 2008 likiendeshwa na asasi ya ADEA. Hilo lina uzito wake: mapiko yanaonekana yakicheza, yakiwa yamevaliwa. Mchongaji kijana aliyekulia kwenye vibanda vya Mwenge, Dar es Salaam, na kujua lipiko kama pambo la ukutani atajifunza mengi kwa siku moja kuliko kwenye kitabu chochote.

Kati ya Septemba na Novemba ni zamu ya Bagamoyo. Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni la huko limekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na linasimamiwa na TaSUBa, iliyokuwa Chuo cha Sanaa. Mgeni anayefika Bagamoyo ana muda, tofauti na yule wa Sabasaba. Usikae nyuma ya meza ukingoje mteja; peleka gogo na uchonge hapo hapo. Kelele ya tezo hukusanya watu, na aliyekutazama ukichonga nusu saa habishanii bei. Uliza pia kuhusu kozi: sanaa za ufundi zinafundishwa pale, zikiwamo fupi kwa aliyekwisha kuwa fundi.

Mwishoni mwa mwaka huja maonyesho ya Jua Kali na Nguvu Kazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yanayozunguka nchi wanachama tangu mwaka 1999. Huko utakutana na mawe ya Tabaka, Kisii, na Wakamba wa Wamunyu. Usiwachukulie kama wageni katika fani. Mutisya Munge, anayetajwa kuwa baba wa uchongaji wa biashara Ukambani, alijifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akarudi nao nyumbani. Wenzetu hao walitangulia kuelewa faida ya umoja. Ushirika wa Akamba wa Mombasa ulianza mwaka 1963, na hadi leo duka lake ni mahali mtalii anapojua bei si ya kubahatisha. Ukipata nafasi, kaa nao uulize wanagawanaje pesa.

Jumuiya hiyo pia ina JAMAFEST, tamasha la utamaduni lililofanyika Kigali 2013, Nairobi 2015, Kampala 2017, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Ratiba yake imekuwa ya kuruka, kwa hiyo usiifanyie hesabu mpaka BASATA watangaze.

Nje ya kalenda kuna milango iliyo wazi mwaka mzima. Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, ina studio za wasanii zilizojengwa kwenye makontena, ukumbi wa maonyesho na mafunzo. Nafasi za studio hutangazwa na kushindaniwa. Kwa mchongaji wa jadi, faida kubwa ya pale ni majirani: wachoraji, wachomelea vyuma na watu wa video watakaokuuliza maswali ambayo kibandani hayaulizwi. Goethe-Institut na Alliance Française, zote Upanga, hupokea mapendekezo ya maonyesho. Peleka pendekezo la kazi 10 hadi 15 zenye wazo moja, kwa sababu kumbi hizo zinatafuta maonyesho yenye fikra, na vinyago 60 vya kila aina vinawakumbusha duka. Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, huwa na siku za utamaduni wa makabila. Chama chenu cha wachongaji kinaweza kuomba nafasi hapo bila gharama kubwa.

Mtu atauliza: je, mchongaji wa Mwenge anaweza kufika kwenye majumba makubwa ya dunia? George Lilanga alizaliwa kusini mwaka 1934, akaanza kwa kuchonga, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, na mashetani wake wenye masikio makubwa wakaonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani kabla hajafariki mwaka 2005. Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia. Mlango upo, ila ni mwembamba.

Gogo, ufa na mpaka wa forodha

Mpingo humea polepole mno. Mti wa kufaa kuchongwa unaweza kuwa na umri wa miaka 70 au zaidi. Unapatikana kwa wingi Kilwa, Liwale, Nachingwea, Tunduru na majirani zao. Nunua gogo lililogongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na lenye hati ya kusafirishia. Nakala ya hati hiyo ibaki nawe, maana maonyesho na wanunuzi wakubwa sasa huuliza mti umetoka wapi. Kilwa vipo vijiji vinavyomiliki misitu yao na kuuza mpingo uliovunwa kwa utaratibu, na mwaka 2009 misitu ya vijiji hivyo ilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa msaada wa asasi ya MCDI. Kazi iliyotoka kwenye gogo la namna hiyo ina hadithi ambayo mteja wa Ulaya yuko tayari kuilipia.

Sasa turudi kwenye uzito. Tangu Januari 2, 2017 mpingo, pamoja na karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, umo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwishoni mwa Novemba 2019 masharti yalilegezwa: bidhaa zilizokamilika zenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja hazihitaji kibali cha CITES. Zaidi ya hapo, kibali kinahitajika. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Gogo zima la kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa sentimita 60 lina kama kilo 12 na nusu. Ujamaa uliotobolewa vizuri wa urefu huo huo unaweza kubaki chini ya kilo 10. Kwa hiyo andika uzito kwenye risiti. Mtalii atakayezuiwa uwanja wa ndege wa kwao kwa kukosa karatasi atawasimulia wenzake kumi. Oda kubwa ikija, anzia ofisi ya TFS kuuliza kibali kabla ya kupokea malipo ya awali, na uweke muda wa kibali ndani ya tarehe ya kukabidhi kazi. Ukisafirisha kwa kreti la mbao, mbao za kreti lenyewe lazima ziwe zimetibiwa, kwa kawaida kwa joto, na kugongwa muhuri wa kimataifa. Nchi nyingi hurudisha au kuteketeza kreti lisilo na muhuri.

Pembe ya ndovu usiitie popote, hata kipande cha jicho la kinyago. Milango ya kale iliyonakshiwa pia usiibebe kwa mteja kama kazi yako. Ina sheria ya mambo ya kale na vibali vyake.

Kuna adui mwingine asiyehitaji sheria: ufa. Gogo bichi lililochongwa wakati wa masika Mtwara, likapelekwa kwenye sebule yenye hita Ujerumani, litapasuka wakati wa baridi ya kwanza. Paka nta au rangi kwenye ncha za gogo siku unayolipokea, liweke kivulini, juu ya vipande vya mbao, miezi mingi kadiri mfuko unavyoruhusu. Kiini cheusi kikiwa na ufa wa asili, mwonyeshe mteja kabla hajalipa. Na tuache hii tabia ya kupaka mti mweupe dawa ya viatu na kuuita mpingo. Mnunuzi mzoefu hukipima kinyago mkononi, halafu hukwaruza kitako kwa ukucha. Jakaranda, mwembe na mwarobaini ina uzuri wake. Uza kwa majina yake.

Pesa, mikataba na mitego

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo masharti uliyosikia zamani huenda yamebadilika. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unaokopesha wasanii. Ushauri wangu ni kukopa kwa ajili ya vifaa, msumeno wa mashine, banda kavu la magogo, au oda yenye mkataba mkononi. Usikope ili uchonge tu uweke rafuni. Kinyago kizuri kinaweza kukaa miezi minane kabla mwenyewe hajatokea, na marejesho ya mkopo hayamsubiri.

Ukiweka kazi kwenye jumba la maonyesho ili liuze kwa niaba yako, wao huchukua kati ya theluthi na nusu ya bei. Si wizi, wanalipa pango, taa na mtu wa kupokea wageni. Wizi ni pale makubaliano yanapobaki mdomoni. Karatasi moja inatosha: orodha ya kazi na namba zake za daftari, bei ya kila moja, mgawanyo, muda wa kukaa, nani analipa usafiri, nani anabeba hasara ikivunjika, na siku ngapi baada ya mauzo pesa inafika kwako. Mtie sahihi nyote wawili. Bei ya kinyago kwenye ukumbi isipishane sana na ya kibandani kwako, maana mteja akigundua kile cha laki tano kinapatikana Mwenge kwa laki moja na nusu, ukumbi hautakupigia simu tena.

Mialiko mingi ya kweli ya ng'ambo ni ya warsha ambamo wachongaji wa nchi mbalimbali huchonga hadharani kwa wiki mbili au tatu, kazi zikabaki kwenye bustani ya mji. Kwa kawaida mwenyeji hutoa jiwe au gogo, malazi na chakula, na pengine tiketi na posho. Ombi lake huhitaji mchoro wa unachotaka kuchonga, au mfano mdogo uliopigwa picha, pamoja na maelezo na picha ulizoandaa. Soma kama kazi itabaki kwao na kama jina lako litaandikwa kando yake.

Mialiko ya uongo ina dalili zake. Barua inakusifu bila kutaja kazi hata moja. Anwani ya barua pepe ni ya mtu binafsi. Unatakiwa utume pesa "ya viza" kwa simu ya mtu aliye Dar es Salaam ili jina lako lisiondolewe. Ada ya viza hulipwa kwa ubalozi au wakala wake rasmi, na unapewa risiti. Kabla ya kutuma hata shilingi, tafuta simu ya taasisi yenyewe kwa njia yako, usitumie ile iliyo kwenye barua, na uulize kama wanalijua jina lako. Mpelekee pia BASATA au afisa utamaduni asome, maana barua hizo husambazwa kwa wengi na huenda ameshaiona ya mwenzako wiki iliyopita.